Vikamba vya Katani Shingoni mwa Fidla

Iko siku moja ya likizo ambayo nikifumba macho inarudi yote, pamoja na harufu yake. Harufu ni ya katani mbichi, maana upepo ulikuwa unatoka Ngombezi, kwenye mashamba ya mkonge, na mtu aliyekulia Kilole, kule Korogwe, kama mimi hahitaji kuambiwa upepo unatoka wapi, pua yake inamwambia. Siku hiyo Bibi yangu alimkemea mwalimu wangu wa fidla mbele yangu, kwa upole, tena kwa utani, na tangu hapo kuna mambo mengi nayatazama kwa jicho jingine. Ndiyo maana nakuandikia, mwanangu.

Usishangae kuitwa hivyo. Najua hujazaliwa. Najua pia kwamba mimi mwenyewe sijamaliza shule, na kwamba ndevu zangu hazijatosha kuitwa ndevu. Mama yako simjui, na kama namjua sitamwandika hapa, kwa sababu bwenini kwetu wapo watu wenye macho marefu. Lakini mimi ni mtu wa haya. Mbele ya watu maneno yangu hurudi tumboni kama konokono kwenye gamba lake, na nikishika kalamu hutoka. Naogopa kwamba siku utakapokuwa na masikio ya kunisikiliza nitakuwa nimeyasahau, au nimekuwa baba mkali asiyezungumza na mtoto. Basi niruhusu nikalie kigoda cha wazee kwa muda mfupi, nikupe nilichopewa kingali cha moto.

Mwalimu wangu aliitwa Yohana. Alikuwa Mshambaa, mzaliwa wa milimani juu ya Mkumbara, na fidla alifundishwa na padri wa Kizungu tangu utoto wake. Uzeeni magoti yalikataa milima, akashuka kukaa Kilole, jirani na nyumba yetu. Alikuwa mzee wa kanisa, sisi tu Waislamu, na jambo hilo halikumsumbua mtu yeyote. Alikuwa na fidla mbili. Moja ilikuwa nzuri, hakuna aliyeigusa. Ya pili ilikuwa na ufa tumboni, ameuziba kwa gundi ya seremala, na hiyo ndiyo aliyowafundishia watoto wa mtaa. Wengi walikuja kwa shauku, wakaondoka kwa uchovu. Mimi nilibaki. Sitajisifu kuwa nilikuwa hodari. Nilibaki kwa sababu ukiwa umeweka fidla chini ya kidevu hakuna anayekutegemea uzungumze.

Njia yake ya kumwanzisha mtu ilikuwa ya polepole sana. Kwanza alikunyima vidole kabisa. Ulivuta upinde tu, kwenye nyuzi zisizoshikwa, huku kiwiko chako kikipita kando ya mwimo wa mlango, ili ukienda kombo ujigonge mwenyewe na yeye asihitaji kukugombeza. "Upinde ni pumzi," alikuwa akisema. "Mtu asiyejua kupumua ataimba nini?" Ulipojua kupumua, ndipo alipokupa vidole. Na hapo alifanya jambo ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine yeyote. Alichukua katani iliyosuguliwa vizuri, akaisokota vikamba vyembamba kama uzi wa kushonea magunia, akavifunga kuzunguka shingo ya fidla. Kikamba cha kwanza ni cha kidole cha shahada, cha pili ni cha kidole cha kati, cha tatu ni cha kidole cha pete. Ukiweka kidole juu ya kikamba chake, sauti inatoka pale inapotakiwa. Watoto wa mashamba ya mkonge sote tunajua kusokota na kufunga, kwa hiyo tulivipenda vikamba hivyo, tukaona ni vya kwetu.

Navyo vilinisaidia, mwanangu, nisivinyime haki yake. Bila vikamba vile ningeondoka kama wenzangu. Kwa vikamba nilipiga tenzi zake za kanisani bila kukosea, nikapiga na nyimbo mbili tatu za taarabu ambazo vijana wa mjini Tanga walizileta kwa garimoshi. Akina mama wakipita na ndoo walisimama. "Mhina huyu," walisema, "mdomo hana, lakini vidole anavyo." Mimi niliinamisha kichwa, na moyoni niliruka.

Kisha nikasimama palepale. Likizo ikaja ikapita, nikarudi shuleni, nikaja tena, na nyimbo zilikuwa zilezile. Nilikuwa kama maji ya kisima, masafi, ila hayaendi popote. Sikuliona hilo kuwa tatizo. Nani anaona tatizo kwenye sifa?

Tatizo lililetwa na dada yangu Zaina, kwa kuposwa.

Aliposwa na kijana wa Handeni, fundi viatu, mtu mpole. Nyumbani tulifurahi. Lakini yako mambo ya ndoa ambayo nyumba isiyo na mama huyagundua ghafla. Katika ukoo wetu, bibi harusi anapofikishwa kwa mumewe, husimama mlangoni, na hakanyagi kizingiti mpaka mama yake amwimbie wimbo wake. Kila binti ana wake. Mama humtungia akiwa mchanga, kwenye kubembeleza na kusaga, na mwisho wa wimbo huliita jina la binti, na ndipo binti anapoingia. Mama yetu alifariki mimi nikiwa mdogo kiasi kwamba uso wake nauona kwa mbali. Wimbo wake kwa Zaina ninao wazi. Unaanza chini, mzito, kama jiwe la kusagia. Unazunguka hapo kwa muda mrefu. Halafu mwishoni, kwenye jina, unapanda, unapanda tena, mpaka mimi, nikiwa mtoto, nilikuwa natazama juu kwenye dari kuona sauti imekwenda wapi.

Shangazi zetu walijitolea kuimba badala yake. Zaina akakataa kwa adabu. Akanijia nikiwa nafunga kuni.

"Mhina, utanipigia wewe."

"Mimi?"

"Wewe na hiyo mbao yako. Sauti ya shangazi ni ya shangazi. Nikiisikia nitajua mama hayupo. Fidla haina uso. Naweza kufumba macho."

"Na nisipoweza?"

Akafikiri. Zaina si mtu wa vitisho. "Usipoweza nitaingia kimya," alisema. "Wapo walioingia kimya, hawakufa." Akabeba kuni zangu, akaondoka nazo, na mimi nikabaki nimeshika kamba ya kufungia isiyo na kitu cha kufunga.

Sasa ndiyo ile siku yenye upepo wa Ngombezi. Nilikuwa barazani kwa Mwalimu, najaribu wimbo wa mama. Zaina alikuwa pembeni akichambua mchele kwenye ungo. Bibi alikuwa amekuja na mjukuu wake mdogo, mtoto wa shangazi yangu, aliyekuwa ameanza kutembea. Mtoto alivalishwa njuga miguuni, vile vikengele tunavyowafunga watoto ili wapende mlio wa hatua zao na waendelee kuinua miguu. Basi baraza nzima ilikuwa inalia, mimi huku, njuga kule.

Sehemu ya chini ya wimbo niliipiga vizuri. Nilipofika kwenye jina, vidole vikapanda mpaka kikamba cha mwisho kwenye uzi mwembamba kuliko zote, vikasimama. Mbele ya kikamba kile kulikuwa na shingo ya fidla, shibiri nzima ya mti mweusi mtupu, na mkono wangu haukujua kama kuna dunia huko. Nikafanya kama nilivyozoea kufanya. Niliushusha wimbo, nikaumalizia chini.

Zaina akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "Hapo mama hakushuka."

Njuga zikalia, zikanyamaza, mtoto ameketi. Bibi akamwinua, akamtazama Mwalimu.

"Mtani," alisema. Bibi ni Mzigua, na yeye na Mwalimu walitaniana kila walipokutana, kama Wazigua na Washambaa wote wenye heshima zao. "Mtani, hivyo vikamba shingoni ni vya nini?"

"Vya kuvionyesha vidole pa kukaa, mtani wangu."

"Na vidole bado havijapajua?"

"Vinapajua sana. Hata gizani."

"Basi mbona bado mnavionyesha?"

Mwalimu akacheka. "Ninyi Wazigua fidla mtaijulia wapi?"

"Siijui. Naijua miguu ya watoto." Bibi akamketisha yule mdogo mapajani, akaanza kumfungua njuga mguu mmoja, taratibu. "Huyu tangu juzi anakwenda mpaka jikoni na kurudi. Njuga imekwisha kazi. Nikimwachia ataifuata njuga, ataacha kufuata njia. Sasa wewe, mume wangu huyu," akanionyesha mimi kwa kidevu, maana mimi ndiye mume wake mdogo kama walivyo wajukuu wa kiume wote, "umemwachia njuga mpaka sauti yake imekuwa nzito. Tena ninyi Washambaa mnajisifu kwa kupanda. Umeshindwa kumpandisha mtoto mlima wa shibiri moja?"

Zaina alificha uso kwenye ungo kwa kucheka. Mimi niliomba ardhi ipasuke. Kumsikia mwalimu wako akiulizwa ni vigumu kuliko kuulizwa wewe, hilo utaliona.

Mwalimu hakurudisha utani. Alipapasa ule ufa wa fidla kwa kidole gumba. Kisha akasema maneno ambayo sikutegemea mtu mzima ayaseme mbele yangu.

"Namwogopea, Bibi. Mtoto huyu ana haya. Nikivikata atakosea, na akikosea mara moja mbele ya watu hatashika upinde tena. Nimewaona wengi wakienda. Huyu sitaki aende."

"Ndiyo," Bibi alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Ndiyo maana umemfunga. Lakini mbuzi hula urefu wa kamba yake, mtani. Umemfunga pazuri, penye majani. Majani yameisha."

Akamaliza njuga ya pili, akaziweka kwenye pindo la kanga, akamsimamisha mtoto. Mtoto akapiga hatua moja, akasimama, akatazama miguu yake. Ilikuwa haina mlio. Akatutazama sisi kana kwamba tumemwibia kitu. Halafu akaenda, kimya, mpaka jikoni.

Mwalimu akaingia ndani, akatoka na kisu.

Nakuambia, mwanangu, sijawahi kusikia sauti ndogo yenye kishindo kama ile. Vikamba vitatu, vikakatika kimoja kimoja, vikaanguka barazani. Na chini yake mti ulikuwa umeacha alama, mistari mitatu myeupe isiyo na uchafu. Nikashusha pumzi, nikajua angalau mistari ninayo. Mwalimu akaniona nikiitazama. Akalowesha kitambaa kwa mafuta, akaipangusa shingo yote, juu na chini, mpaka ikawa rangi moja. Ikawa kama mto usiku. Akanipa.

Siwezi kukuandikia sauti iliyotoka siku zile. Majirani wenye adabu walifunga madirisha. Wasio na adabu, yaani watoto, walikaa uani wakaniuliza kama fidla yangu inaota meno. Hata zile nyimbo za zamani nilizozijua zilikimbia, kila kidole kikawa yatima. Zaina alipita, akasikia, akawa anashona vitu vyake vya kwenda navyo. Niliona kanga zake zikikunjwa na kupangwa, nami nilijua kila inayokunjwa inamsogeza Handeni, na mimi niko palepale. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nilianza kutafuta ugonjwa mzuri wa kuugua siku ya harusi.

Mwalimu sasa alibadilika. Alikuwa kama mtu aliyefungua ghala lililokuwa limefungwa. Kwanza akaninyang'anya fidla, akaniambia niimbe. Mimi, niimbe. "Kidole hakitakwenda mahali ambapo koo halijafika," alisema. Alijua nina haya, hakunilazimisha mbele ya watu. Alinituma kando ya reli, asubuhi, nikatembea peke yangu nikiimba wimbo wa mama kwenda na kurudi, mpaka nikawa naisikia ile sehemu ya juu kabla sijaifungua midomo.

Kisha akanitazama mkono, akacheka peke yake. Nilikuwa nanyoosha vidole kwenda juu, na kidole gumba nimekiacha nyuma, kimekwama pale kilipozaliwa. "Kwetu milimani," alisema, "hatupandi huku mguu mmoja tumeuacha bondeni. Na kidole kimoja hakivunji chawa. Wanakwenda wote, gumba akiwa mbele, tena wakiwa wepesi, kama mtu anayehama nyumba bila mizigo." Nikajifunza kuhama. Kushuka, kupanda, bila kupiga wimbo wowote, mkono tu ukiteleza kwenye mti. Kamba hukata jiwe, wanasema, ikipita papo kwa papo. Nilipita papo kwa papo hadi gumba likaota ngozi ngumu.

Lakini niliendelea kukosa. Mkono ulihama, na ukifika huko haukujua umefika. "Nitajuaje?" nilimwuliza siku moja, na nadhani sauti yangu ilikuwa na machozi. "Kikamba hakipo, mstari haupo. Nitajuaje kama nimefika?"

Mwalimu akaokota nyuzi mbili tatu za katani sakafuni, masalia ya vile vikamba, akachambua moja nyembamba kuliko unywele, akaikunja katikati, akaining'iniza juu ya uzi mnene wa fidla, ule wa sauti ya chini kabisa. Ikakaa pale kama panzi kwenye ukindu.

"Uzi huo usiuguse," alisema. "Wewe uko kwenye uzi wa pili. Tafuta ndugu yake mdogo. Sauti ileile, ila ya kitoto."

Nikaweka kidole, nikavuta upinde. Katani haikutikisika. Nikasogeza kidogo, haikutikisika. Nikasogeza tena, unene wa karatasi tu.

Katani ikaruka.

Hakuna aliyeigusa. Upepo haukuwepo, niligeuka kuutafuta. Uzi mnene, ambao upinde wangu haukuufikia, ulikuwa unatetemeka wenyewe, naona kwa macho yangu ukungu wake, na fidla nzima ikawa imejaa, hadi mfupa wa shavu langu ukasikia. Kidole kikiteleza kidogo, uzi ulinyamaza. Kikirudi, uliitika. Nikafanya hivyo mara nyingi, sijui ngapi. Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Nilimsikia akinong'ona jina la Mwenyezi Mungu.

"Unaona," alisema Mwalimu, na yeye pia alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini au kanisani. Nilishangaa, maana aliijua siri hiyo tangu ujana wake na bado ilikuwa inamnyamazisha. "Mimi nilifunga vya kwangu kwa sababu wewe hukuwa na masikio bado. Mungu alifunga vya kwake kabla ya mimi na wewe, na hivyo havikatwi na kisu. Ukikaa penyewe utaitikiwa. Ukikaa kando, kimya. Huko juu ni hivyohivyo."

Tangu siku ile sikuogopa tena ile shibiri ya mti mtupu. Nadanganya. Niliogopa, lakini nilikuwa nataka kwenda.

Tulikwenda Handeni kwa lori la mfanyabiashara mmoja, juu ya magunia, Zaina amefunikwa mwili mzima, shangazi wakiimba, vumbi jekundu likituingia mpaka kwenye meno. Mwalimu alikuja pia na magoti yake. Nilikuwa nimeipakata fidla kama mtoto mgonjwa. Si ile yenye ufa. Alfajiri ile alinipa ile nzuri, na mimi sikuthubutu kusema asante, nikaipokea kwa mikono miwili.

Uani kwa wakwe palikuwa na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona wakinitazama. Mama mkwe, mwanamke mkubwa mcheshi, alikaa mlangoni kama ilivyo desturi, akitusubiri tumwimbie bibi harusi.

"Haya, watu wa Korogwe," alisema, "mmeleta mke, tumemwona. Na huyo mdudu wa mbao mmemleta amle nani?"

Watu wakacheka. Bibi akajibu, "Huyo mdudu atakuliza, mkwe. Shika kanga yako karibu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bibi. Ndipo nilipokuwa nimepanga kusimama tangu Korogwe, nyuma ya mgongo wake mpana, wasinione. Nikaweka fidla begani. Zaina akasimama mbele ya kizingiti, macho ameyafumba. Nami nilipoinua upinde, Bibi akasogea pembeni. Hakunitazama. Alisogea tu hatua mbili, kama mtu anayepisha njia, na mbele yangu pakawa wazi, nyuso zote, mpaka kwenye mlango.

Nikapiga.

Chini kulikwenda vizuri. Jiwe likasaga. Nikausikia ua ukinyamaza, hata wale waliokuwa wakicheka. Nikafika kwenye jina, mkono ukahama, gumba mbele, mwepesi, nikatua. Nikatua chini ya mahali pake. Kidogo tu, lakini kila mwenye masikio alisikia. Mtoto mmoja akacheka. Haya zikanipanda kutoka miguuni, na zamani hapo ndipo ningeshusha upinde na kukimbilia kwenye lori. Lakini fidla ilikuwa kimya chini ya kidevu changu, haikuitika, na nilijua maana ya kimya kile. Niko kando, si mbali. Sikuacha kuvuta. Nikakipandisha kidole, polepole, upinde ungali unakwenda, unene wa karatasi, na unene wa karatasi tena.

Ikaitika. Uzi ambao sikuugusa ukatetemeka, na fidla ile nzuri ikajaa kuliko ile yenye ufa ilivyowahi kujaa, jina la dada yangu likasimama juu ya ua ule bila mdomo wa mtu. Zaina akakanyaga kizingiti, akaingia.

Mama mkwe alikuwa anafuta macho. Bibi hakumcheka, kwa sababu na yeye alikuwa anafuta.

Jioni Zaina aliniita dirishani. Nilianza kumwomba radhi kwa pale nilipotua vibaya. Akanikatiza.

"Wewe hukumbuki," alisema. "Ulikuwa mdogo. Mama hakuwahi kufika pale moja kwa moja. Alikuwa anaanzia chini kidogo, halafu anapanda, kama mtu anayeinua kitu kizito. Nilidhani Mwalimu amekufundisha."

Hakunifundisha, mwanangu. Hakuna aliyejua ila Zaina. Nimelifikiri jambo hilo bwenini wenzangu wakiwa wanapiga soga, na sijafika mwisho wake. Pengine si la kufikiwa mwisho.

Basi sikiliza, nikiondoka kwenye kigoda cha watu. Ukiwa mwanafunzi wa jambo lolote, usivionee haya vikamba vyako vya mwanzo. Vifunge, vishike, vishukuru. Lakini siku utakapopiga bila kukosea kwa muda mrefu na watu wakakusifu, jiulize kama majani hayajaisha. Kisu kikija, utakosea. Nimekwambia mimi niliyekosea mbele ya Handeni nzima, na bado nala ugali. Ukikosea usishushe upinde. Sikiliza kama umeitikiwa, na kama hujaitikiwa, sogea.

Na ukija kuwa mwalimu wa mtu, au mzazi wa mtu, hapo nazungumza na mimi mwenyewe pia: unapomfungia mtoto kikamba, jua tayari kisu umekiweka wapi. Usiuite woga wako huruma. Mwalimu Yohana alinipenda, akanifunga. Alinipenda zaidi, akanikata. Na siku ya siku, ukiwa wewe ndiye mgongo anaojificha nyuma yake, sogea pembeni kama alivyosogea Bibi, bila hotuba.

Baraka sina za kwangu, umri haujanipa. Nakuazimia za Bibi. Nilipokuwa narudi shuleni alichota maji mdomoni, akaninyunyizia viganjani, akasema, nami nakusemea: vidole vyako viende mahali ambapo macho hayajafika, na popote utakapotua, mwanangu, kitu usichokigusa kikuitikie.